Pipa Lililosimama Nyuma ya Kanisa



Wengi wenu mlikuwepo ile Jumapili ya Agosti niliposimama madhabahuni nikatoa ushuhuda wa jahazi. Nilisema shetani alitaka kutumaliza baharini, watu 23, na Bwana akatuvusha. Mlipiga makofi mpaka mabati yakalia. Video ikasambazwa, na hadi leo napokea ujumbe kutoka Nairobi na hata Doha, watu wakiniambia ushuhuda ule umewatia nguvu.

Bwana alituvusha, hilo silifuti. Lakini ile sehemu ya shetani naomba niirudie, kwa sababu sikuwaambia yote, na kuna mtu ambaye amelipa kwa yale niliyoyanyamazia. Soma mpaka mwisho, mpendwa, hata kama ni ndefu. Na ukisambaza, usisambaze nusu.

Wacha nianze na pipa.

Nyuma ya kanisa letu kuna pipa la lita 200 la dizeli ya jenereta. Tulilijaza Machi, kabla ya masika, na mimi mwenyewe nikasema lisimamishwe pale nje, wima, kando ya ukuta, kwa sababu likilala linachukua nafasi ya viti vya akina mama. Sasa pipa lina ukingo juu. Mvua ikinyesha, maji yanatuama pale juu kama kwenye sinia, na kifuniko kiko hapo hapo ndani ya maji. Mchana jua linapiga, hewa iliyo ndani ya pipa inapanuka, nyingine inatoka. Usiku kunapoa, pipa linavuta pumzi. Kama kifuniko hakijakazwa vizuri, au mpira wake umechoka, linavuta nini? Linavuta yale maji. Kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, msimu mzima wa mvua. Ukipita mchana unaona pipa lile lile, rangi ile ile.

Na maji yakishaingia hayakai juu ukayaona. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita ya dizeli haifiki gramu 900. Kwa hivyo maji yanazama, yanalala chini, na dizeli safi inakaa juu yake. Ukifungua na kuchungulia utasema mafuta ni mazuri.

Juni jenereta ikaanza kukohoa katikati ya kesha. Mnakumbuka. Taa zilikuwa zinapanda na kushuka, kisha giza. Tulikemea roho ya usumbufu karibu nusu saa, na vijana wa sifa wakaimba bila vipaza sauti, na nikasema ile ilikuwa ibada tamu kuliko zote. Jumatatu fundi alikuja, akafungua filta, akamwaga kilichokuwemo kwenye kopo, akaniita. Akaniambia, "Pasta, pipa lako lina maji. Lilaze ubavu. Na hiyo pampu usiifikishe chini kabisa." Nikasema sawa, fundi, ubarikiwe. Nikamlipa akaenda zake. Pipa likabaki limesimama.

Kwa hivyo niliambiwa Juni.

Agosti tukapanga safari ya shukrani ya vijana kule Kilifi. Nahodha tuliyemkodi ni mzee wa hapa hapa, Mwislamu, mtu aliyezaliwa akiwa na chumvi mkononi. Jahazi lake ni la tanga, lakini lina mashine ya dizeli kama vyombo vingi siku hizi, kwa sababu wageni hawana subira na upepo. Tulipatana bei, kisha mimi nikaona njia ya kupunguza. Nikamwambia, mzee, mafuta tutaleta sisi. Nikavuta lita 40 kutoka pipa la kanisa, mitungi miwili. Niliokoa kama shilingi 7,000. Na kwa kuwa pipa lilikuwa limebaki na mafuta kidogo, pampu niliifikisha chini kabisa, palepale fundi alipokataza.

Pale gatini nahodha aliinua mtungi mmoja, akautazama dhidi ya jua. Dizeli safi ukiitazama ni angavu. Ile ilikuwa na ukungu. Akaniuliza, "Mchungaji, haya mafuta yametoka wapi?" Nikasema ni ya kanisa. Akasema, "Basi tuyaache yatulie kidogo, nimimine ya juu tu, ya chini tuyaache." Ilikuwa saa tatu asubuhi, tumechelewa, watoto wanapiga kelele, na mimi nimevaa kofia yangu mpya. Nikamwambia, "Mzee, haya mafuta yameombewa. Twende."

Ni kweli yalikuwa yameombewa. Nilikuwa nimeombea safari nzima, mafuta yakiwemo. Alinitazama kidogo, akamimina.

Kuna jambo la pili. Nilitaka turubai la kivuli lifungwe kutoka mbele mpaka nyuma, kwa ajili ya akina mama. Nahodha akasema likifungwa hivyo tanga halipandi. Nikamjibu kwamba tuna mashine, tanga la nini.

Ndani ya mkono wa bahari, kupita chini ya lile daraja na kurudi, mashine ilienda vizuri karibu saa nzima. Ndiyo maana maji kwenye mafuta ni adui mbaya. Tangini mlikuwa na mafuta yake mazuri ya awali, na maji yangu yalikuwa yamelala chini, yametulia kama sisi tulivyotulia. Vijana wakaimba. Mimi nikaomba tufike mlangoni watoto waione bahari kuu. Nahodha akasema kusi limeamka, tusitoke nje. Nikasema kidogo tu.

Ukitoka mlangoni wimbi linakuinua. Chombo kinayumba, na tangi linayumba nacho, na kile kilicholala chini kinaamka. Bomba linalovuta mafuta linaanza kunywa maji. Kwanza sauti ya mashine ikapanda na kushuka, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na pumu. Moshi mweupe ukatoka. Kisha kimya. Mpendwa, sijawahi kusikia kimya kama kile. Unasikia upepo, unasikia mtoto akiuliza mamake kuna nini, na unasikia maji yakivunjikia mwamba.

Kwa maana pale kuna miamba pande zote mbili za mlango, na kusi linasukuma kuelekea kaskazini, na sisi tulikuwa tumeelekea huko huko. Nahodha alijaribu kuiwasha mara tatu. Ikageuka, ikakohoa, ikafa. Hakujaribu ya nne. Alimfokea kijana wake atupe nanga. Nanga ikakokota, ikakokota, kisha ikashika. Povu la mwamba nililiona bila kukaza macho.

Mimi nilikuwa mvulana wa shule Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipozama na watu zaidi ya 270 wakafa. Yeyote aliyekulia Pwani anaijua hofu hiyo. Nilisimama katikati ya jahazi nikaanza kuomba kwa sauti, kwa lugha, nimefumba macho. Na nahodha akanigusa bega akasema neno ambalo sikulitaja madhabahuni. Alisema, "Omba, mchungaji, lakini shika na kamba hii."

Alitoa kisu akakata turubai langu. Lilipeperuka likaangukia majini, tukaliacha. Vijana sita na mimi tukavuta kamba, foromali ikapanda, tanga likajaa upepo kwa mshindo kama bati linalong'oka. Nanga haikuwa na muda wa kuvutwa. Akafunga mwisho wa kamba yake kwenye mtungi wangu mtupu uwe boya, akaiachia yote. Kisha akakaa kwenye usukani, kusi likatupiga ubavuni, tukaingia ndani huku maji ya kupwa yakitusukuma kurudi nje. Polepole sana, lakini tuliingia. Kijana mmoja alikuwa anachukua video. Tangu mashine izime mpaka tanga lijae ni dakika kumi na mbili. Mimi ningekuapia ni saa nzima.

Tulipofunga gatini watu walishuka wakapiga magoti mchangani. Nahodha alishuka kwenye mashine. Kabla ya filta pana kikombe cha kioo cha kutenga maji, chenye koki chini. Akafungua koki akakinga chupa ya plastiki ya nusu lita. Niliiona. Chini maji, juu dizeli, na katikati mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Zaidi ya nusu ya chupa ilikuwa maji. Alinitazama. Waumini wangu walikuwa wamesimama hatua tano kutoka pale. Akafunga kifuniko cha chupa, akaiweka chini ya benchi, hakusema neno.

Alinisitiri, mpendwa. Mtu ambaye hasali nami alinisitiri mbele ya watu wangu.

Na mimi kesho yake nikapanda madhabahuni nikasema ni shetani.

Sikusema ni nahodha. Hilo nililitumia kujifariji kwa wiki kadhaa. Lakini ukisema shetani na usiseme pipa, watu watamtafutia shetani mahali pa kukaa. Haikuchukua siku tatu. Kwenye kundi letu la WhatsApp dada mmoja akauliza, yule nahodha si wa imani yetu, tunajua alitia nini kwenye mashine? Mwingine akasema huko baharini kuna watu wanafanya kazi na majini. Wakakubaliana kanisa lisimtumie tena. Safari ya watoto wa Sunday school ikafutwa. Sherehe mbili za harusi zikahamishiwa kwa mtu mwingine. Mimi nilisoma yote, nikaweka alama ya mikono miwili iliyounganishwa, nikaenda kulala.

Niliyejifunza chuo cha Biblia miaka mitatu, niliyehubiri Yona si mara moja.

Fungua Yona sura ya 1 leo, usome taratibu. Sisi wahubiri tunakimbilia samaki. Kaa kwanza kwenye merikebu. Tufani inapokuja, mabaharia wapagani wanaomba, kila mtu kwa mungu wake, na wanatupa shehena ili chombo kiwe chepesi. Wanaomba na mikono inafanya kazi. Mtumishi wa Mungu yuko chini amelala, na nahodha ndiye anayekwenda kumwamsha aombe. Halafu kura inamwangukia. Na hapo, kwa makosa yake yote, Yona anafanya jambo ambalo mimi sikulifanya: anawaambia wale mabaharia, wakiwa bado ndani ya chombo, kwamba tufani hii ni kwa ajili yangu. Hawaachi wadhaniane. Na wao, badala ya kumrusha mara moja, wanajitahidi kupiga makasia wamrudishe pwani. Wapagani wanamhurumia nabii aliyewaponza.

Nimesoma sura hiyo zaidi ya mara 50 bila kumwona nahodha.

Jumanne iliyopita nilikwenda Kilifi peke yangu, sikumwambia hata mama mchungaji. Nilimkuta akishona tanga. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kiti. Nilimwambia yote, ya Juni na ya pipa na ya kundi. Alisema ya kundi anayajua, mjukuu wake ana rafiki mle.

Kisha akaniambia lililofuata baada ya sisi kupanda basi letu tukiimba. Nanga waliifuata kesho yake, boya likiwa mtungi wenye jina la kanisa. Mashine ilichukua siku nne. Walitoa mafuta yote tangini, nzuri na mbaya, kwa sababu huwezi kuyatenga ukiwa umeshayatikisa. Sakafu ya tangi ilikuwa na utelezi mweusi, kama uji uliochacha. Kuna vijidudu na kuvu vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli, vinakula mafuta na kuzaana, na uchafu wake ndio unaoziba filta. Ule haukuwa wa siku moja, alisema, ulitoka pipani kwangu na mafuta. Wakaosha tangi, wakabadilisha filta zote mbili. Kisha wakatoa hewa: unalegeza skrubu ya kwenye filta, unapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza, unakwenda kwenye pampu kubwa, hivyo hivyo, mwisho unalegeza nati za nozeli, mmoja azungushe mashine, mpaka mafuta yaje bila hewa. Wakafanya yote hayo na bado ilikuwa inagonga. Nozeli mbili zilikuwa zimeharibika. Maji yakifika pale kwenye joto hugeuka mvuke kwa ghafla na kuvunja ncha. Pampu kubwa ilipona, na hiyo alishukuru sana, maana pampu ile haina mafuta mengine ya kuilainisha isipokuwa dizeli yenyewe. Ikinywa maji inakauka na kushika kutu, na bei yake ni ya kuuza ng'ombe.

Bili ilikuwa shilingi 38,000. Alikopa kwa mwenye duka. Mimi wakati ule nilimtumia 1,000 kwa simu, nikaandika "sadaka".

Nilipomaliza kusema nilisubiri anikemee. Aliuma uzi, akaniuliza, "Pipa umelilaza?"

Sikuwa nimelilaza. Miezi mitano tangu fundi aseme, wiki kumi na moja tangu mwamba, na pipa lilikuwa limesimama palepale. Nikamwambia ukweli. Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akaweka sindano chini.

Basi sikia, wewe mwenye jenereta, mashine ya kusaga, lori au chombo. Pipa lilazwe ubavu, vifuniko vyake viwili vikiwa kushoto na kulia kwa usawa mmoja, ili mafuta yavifunike kwa ndani na hewa isipate njia. Au lisimame chini ya paa, limefunikwa. Ukileta mafuta ya mtungi, yaache yatulie, chukua kidogo ya chini kwenye chupa nyeupe uyatazame. Tangi lisikae nusu kwa miezi, kwa maana ile nafasi tupu inatoa jasho kila usiku na jasho hilo linashuka chini. Mpira wa kifuniko cha tangi ni wa bei ya soda, ubadilishe. Na kile kikombe cha kioo kifunguliwe koki kabla ya safari, hata kama jana hakikuwa na kitu. Nahodha anasema yeye hufanya hivyo kila asubuhi. Asubuhi ile pia alifanya, kabla sijafika na mitungi yangu.

Wale ambao mlimsema kwenye kundi, sitawataja, na msitajane. Kosa ni langu, ninyi mlijaza pengo nililoacha. Deni la 38,000 ni langu, si la kanisa, asichangishe mtu. Ya kwanza nimempelekea jana, zimebaki mbili. Turubai nililipoteza mimi, nalo pia. Kamati ya Sunday school, safari ya Desemba naomba irudi kwake kama bado anatukubali. Aliniambia kusi limeisha, bahari ni nzuri, ila mafuta atanunua mwenyewe.

Jumapili nitayasema haya haya madhabahuni, ibada ya kwanza na ya pili, na video ichukuliwe kama ile ya kwanza ilivyochukuliwa. Nimemwomba mzee aje, akasema kanisani haingii, ila atasimama nje chini ya mwembe baada ya ibada, kuanzia saa saba. Kama ulikuwa mmoja wa wale 23, pita umsalimie. Usimpe hela, atakasirika. Mpe mkono.

Vijana, ibada ikiisha nahitaji watu wanne wenye nguvu nyuma ya kanisa. Viti vya akina mama tutavitafutia mahali pengine.